Kura ya Vita: Athene, Sirakusa na Dai la Amani ya Kidemokrasia

Miongoni mwa madai yanayotolewa kwa uthabiti mkubwa katika taaluma ya siasa ni lile lisemalo kwamba nchi zenye utawala wa kidemokrasia hazipigani zenyewe kwa zenyewe. Asili ya dai hili ni ya zamani. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alihoji kwamba pale ambapo vita haviwezi kuanzishwa ila kwa ridhaa ya raia, raia hao watasita sana, kwa sababu watakaopigana ni wao, watakaolipa gharama ni wao, na watakaobaki na madeni ni wao pia. Mtawala asiyelazimika kumwuliza mtu hana sababu kama hizo za kusita. Yafaa kukumbusha hapa, kwa kuwa wengi wamtajao Kant hulisahau jambo hili, kwamba yeye mwenyewe hakuiita katiba hiyo demokrasia. Aliiita ya kijamhuri, na demokrasia kwa maana aliyoielewa yeye aliiweka miongoni mwa tawala za kidhalimu.

Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1983, mtaalamu wa Kimarekani Michael Doyle aliyafufua mawazo ya Kant na kuyapa msingi wa kihistoria, na mwaka 1988 Jack Levy aliandika kwamba katika uchunguzi wa uhusiano wa mataifa hakuna jambo lililokaribia zaidi kuwa kanuni ya kisayansi kuliko hili. Tangu hapo dai limetoka vyuoni likaingia katika hotuba za wakubwa. Rais Bill Clinton alilitamka mbele ya Kongresi ya Marekani mwaka 1994.

Hapana budi kutenganisha madai mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kwamba demokrasia huingia vitani mara chache kuliko tawala nyingine zozote. La pili, lililo jembamba zaidi, ni kwamba haziingii vitani dhidi ya demokrasia nyingine. Wataalamu wengi wameliacha la kwanza, maana Uingereza na Ufaransa zilipigana vita vingi katika Afrika na Asia huku mabunge yao yakiketi na magazeti yao yakichapishwa. La pili ndilo lililosimama. Lakini tukichunguza kwa makini jinsi lilivyosimamishwa, twaona kwamba kila unapotokea mfano wa kulipinga, zipo njia mbili za kuukwepa: kusema kwamba mmoja wa wapiganaji hakuwa demokrasia, au kusema kwamba kilichotokea hakikuwa vita. Sisi tunaoshughulika na lugha tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho kali, kwa kuwa nusu ya kazi inayodhaniwa kuwa imefanywa na historia imefanywa na msamiati.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alipotia sahihi tangazo lake, kilichotangazwa hakikuitwa vita. Kiliitwa Hali ya Hatari. Hali hiyo ilidumu hadi Januari 1960. Ndege za kijeshi ziliangusha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Bunge la London lilichaguliwa na raia wote wa Uingereza, wanaume kwa wanawake. Waliokuwa chini ya mabomu hawakuwa na kura katika bunge hilo. Katika orodha za vita kati ya mataifa, ambazo ndizo zinazotumiwa kulithibitisha dai letu, mapambano hayo hayawezi kuwamo, kwa kuwa upande mmoja haukuwa taifa linalotambuliwa. Basi tuchukue maswali mawili kutoka hapa nyumbani, yaani nani ana kura na nani hana, na tendo hupewa jina gani, tukayaulize mahali ambapo neno demokrasia lilizaliwa.

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza safari ya kijeshi ambayo Waathene waliituma Sisilia mwaka 415 K.K. Sikuichagua kwa sababu ni ya kale. Nimeichagua kwa sababu masharti ya Kant yalitimizwa huko kuliko yanavyotimizwa katika nchi yoyote ya leo. Katika Athene vita havikuamuliwa na rais wala na wabunge kwa niaba ya watu. Viliamuliwa na raia wenyewe, waliokusanyika juu ya kilima cha Pnyx, mahali palipoweza kuchukua watu wapatao 6,000, na kila mmoja akainua mkono wake. Wengi walioinua mkono asubuhi walijua kwamba baada ya wiki chache watakuwa wameketi kwenye makasia. Kama kuna mahali ambapo mpiga kura angepaswa kusita, ni hapo.

Neno letu kura linafaa kutajwa, ingawa kwa kupita tu. Asili yake ni Kiarabu, na kabla ya kuwa na maana ya kuchagua kwa hiari lilikuwa na maana ya kuiachia bahati iamue. Katika Athene njia zote mbili zilitumika bega kwa bega: wajumbe 500 wa halmashauri na mahakimu wa mabaraza walipatikana kwa kura ya bahati, ilhali majemadari 10 walichaguliwa kila mwaka kwa kuinua mikono. Mwathene aliyejifunza Kiswahili asingeona ajabu neno moja kubeba maana zote mbili. Angeona ajabu, nadhani, kwamba sisi twawaita wawakilishi wachache waliochaguliwa kwa miaka kadhaa kuwa ni utawala wa umma. Kwa upande mwingine, umma wa Athene ulikuwa mwembamba. Wanawake hawakuwamo, watumwa hawakuwamo, wageni wakaazi hawakuwamo hata kama walizaliwa mjini. Na miji mingi ya visiwani na pwani za bahari ya Aegean, iliyolipa ushuru kwa Athene kila mwaka, haikuwa na mkono hata mmoja wa kuinua juu ya kilima kile.

Shahidi wetu mkuu ni Thucydides. Alikuwa jemadari wa Athene, akashindwa kuuokoa mji wa Amphipolis usiangukie mikononi mwa Sparta mwaka 424 K.K., akaishi uhamishoni kwa miaka 20. Mtu wa namna hiyo hatarajiwi kuusifu umma uliomfukuza, na kweli hausifu mara nyingi. Kwa hiyo pale anapokiri jambo lenye heri kwa demokrasia, ushuhuda wake una uzito maradufu.

Vita kati ya Athene na Sparta vilianza mwaka 431 K.K. Mwaka uliofuata tauni iliingia Athene na kuua watu wengi, akiwamo Pericles baadaye. Baada ya miaka 10 ya mapigano ulifanywa mkataba wa amani mwaka 421 K.K., ambao wazee wa historia huuita kwa jina la Nicias, mtu tajiri, mcha miungu, mwenye tahadhari nyingi. Amani hiyo ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Katika majira ya baridi ya mwaka 416 kuingia 415 K.K. walifika Athene wajumbe wa Segesta, mji ulioko magharibi ya Sisilia, wakiomba msaada dhidi ya jirani zao wa Selinus, ambao walikuwa wakisaidiwa na Sirakusa. Hoja yao kubwa ilikuwa fedha: walisema kwamba gharama za vita watazilipa wao.

Waathene hawakuwa wajinga. Waliwatuma watu wao kwenda kuhakikisha. Wajumbe hao walirudi katika majira ya kuchipua na talanta 60 za fedha, mshahara wa manowari 60 kwa mwezi mmoja, pamoja na habari za utajiri walioushuhudia kwa macho yao. Walikuwa wameonyeshwa hazina za hekalu la Aphrodite huko Eryx. Walikuwa pia wamealikwa karamuni nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba walikuta vikombe vya dhahabu na fedha. Hawakujua kwamba vikombe vilikuwa vile vile, vimekusanywa mji mzima na kuazimwa hata katika miji ya jirani, vikihamishwa kutoka karamu moja kwenda nyingine. Merikebu zilipofika Sisilia baadaye, hazina yote ya Segesta iliyopatikana ilikuwa talanta 30.

Hapa ndipo hoja ya Kant inapovunjika, na haivunjiki mahali inapodhaniwa. Wapo wasemao kwamba mfano wa Athene waonyesha kuwa raia wa kawaida hupenda vita kama wafalme. Sidhani kwamba ndivyo. Mtu wa kawaida wa Athene alifanya hesabu ile ile ambayo Kant alimtazamia kuifanya; ila jumla aliyoipata ilikuwa tofauti, kwa sababu gharama aliziona zikilipwa na mwingine. Mpiga makasia alipata drakma moja kwa siku kutoka hazina ya mji. Hazina hiyo ilijazwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa miji iliyotawaliwa. Segesta iliahidi kulipa zaidi. Na Sisilia ikishatekwa, kama Thucydides anavyoeleza juu ya matumaini ya umati, mshahara ungekuwa wa kudumu. Raia alikuwa na kura, alikuwa na mwili wa kuuhatarisha, lakini mkoba haukuwa wake. Na kuhusu hatari yenyewe, wengi hawakujua ukubwa wa kisiwa wala idadi ya wakazi wake, hawakujua kwamba merikebu ya biashara huchukua karibu siku nane kukizunguka, wala kwamba wanaanzisha vita vinavyokaribia kulingana na vile vya Sparta ambavyo havijaisha.

Mkutano wa kwanza uliamua kutuma manowari 60 chini ya majemadari watatu: Alcibiades, Nicias na Lamachus. Siku ya tano raia walikutana tena kujadili vifaa vya safari. Nicias, aliyechaguliwa pasipo kutaka, alisimama na kuomba shauri lenyewe lirudishwe mbele ya baraza. Alimsihi mwenyekiti asiogope kupigisha kura upya.

Ombi hilo halikuwa geni. Miaka 12 nyuma, mwaka 427 K.K., baraza hilo hilo liliamua kwa hasira kwamba wanaume wote wa Mytilene, mji ulioasi, wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Manowari ilikwisha ondoka na amri. Kesho yake raia waliingiwa na majuto, wakakutana tena. Cleon alitetea uamuzi wa jana. Alidai hata kwamba demokrasia haiwezi kuwatawala watu wengine ikiwa itabadili nia kila siku. Diodotus, ambaye hatujui habari zake nyingine zozote, alimjibu. Hakumjibu kwa huruma. Alimjibu kwa hesabu ya faida, na akashinda kwa mikono michache. Manowari ya pili ilipigwa makasia usiku na mchana, ikafika wakati amri ya kwanza ikisomwa. Walioonekana kuwa viongozi wa maasi waliuawa hata hivyo, zaidi ya 1,000 kwa mujibu wa Thucydides, lakini mji ulipona. Kama twataka kutaja jambo moja ambalo utawala wa umma waweza kulifanya na mfalme akaona aibu kulifanya, ni hili la kurudi kesho yake na kusema tufikiri upya.

Mwaka 415 K.K. chombo hicho hicho kilitumiwa tena, na matokeo yake yakawa kinyume. Alcibiades, kijana mwenye fahari na madeni, alimjibu Nicias kwamba dola isiyopanuka hudhoofika, na kwamba miji ya Sisilia ni mchanganyiko wa watu wasio na umoja. Nicias alipoona kwamba hawezi kuwazuia kwa hoja, alijaribu kuwatisha kwa hesabu. Alitaja jeshi kubwa mno, askari wengi, merikebu nyingi, nafaka na waokaji wa mikate, akidhani kwamba raia wakisikia gharama watarudi nyuma. Badala yake walimshukuru. Wazee waliona kwamba jeshi kubwa namna hiyo haliwezi kushindwa, vijana walitamani kuona nchi za mbali, na maskini waliona mshahara. Tahadhari yenyewe iligeuzwa kuwa sababu ya kwenda, na safari ambayo ingekuwa kosa dogo ikawa kosa kubwa.

Kuna jambo katika habari za mkutano huo ambalo halipewi nafasi ya kutosha na wale wanaohesabu vita kwa mamia. Thucydides anasema walikuwapo watu ambao hawakuridhika, lakini waliogopa kwamba wakiinua mkono dhidi ya safari wataonekana kuwa hawautakii mji heri, wakanyamaza. Kuinua mkono mbele ya jirani si sawa na karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku. Na hata pale penye karatasi iliyokunjwa, kabla ya siku ya kura lazima watu waseme, na msemaji huonekana. Mwanahistoria huyu huyu, alipoeleza fitina za Corcyra za mwaka 427 K.K., alikuwa ameona jinsi maneno ya sifa na ya lawama yalivyobadilishana mahali, tahadhari ikaitwa woga. Kule Corcyra palihitajika damu ili lugha iharibike hivyo. Juu ya Pnyx hapakuhitajika damu. Ilitosha shauku ya wengi. Twaweza kusema kwamba siku ile Athene ilikuwa na kura lakini haikuwa na mjadala.

Safari iliondoka katikati ya kiangazi cha mwaka 415 K.K. Jeshi lilipokusanyika lilikuwa na manowari 134 za safu tatu za makasia, 100 kati yake za Athene yenyewe, na askari 5,100 wenye silaha nzito. Kabla tu ya kuondoka, sanamu za Hermes zilizosimama milangoni mwa nyumba zilivunjwa usiku, na Alcibiades akatuhumiwa kwa kufuru nyingine. Aliitwa arudi kushtakiwa alipokwisha kufika Sisilia. Akatoroka, akaenda Sparta kuwafundisha maadui jinsi ya kuishinda nchi yake.

Tuvuke sasa bahari tuingie Sirakusa, maana huko nako palikuwa na mkutano wa raia. Hermocrates aliwaambia watu kwamba Waathene wako njiani na akashauri wajiandae. Alijibiwa na Athenagoras, kiongozi wa umma aliyesikilizwa sana wakati huo. Athenagoras hakuamini. Alisema Waathene hawana wazimu wa kuacha vita nyumbani na kutafuta vingine ng'ambo. Habari hizi, alidai, zimetungwa na vijana wa matajiri wanaotaka kuwatisha watu ili wapewe mamlaka. Kisha akaitetea demokrasia kwa maneno ambayo ni kati ya utetezi wake wa kinadharia wa kale kuliko wote tulio nao. Yeye alikosea, merikebu zilikuwa zinakuja. Lakini hofu yake haikuwa ya kipumbavu. Watu wengi tangu wakati huo wamenyang'anywa mabaraza yao kwa kuambiwa kwamba adui yuko mlangoni, na katika Sirakusa yenyewe ilitokea hivyo miaka 10 baadaye, Dionysius alipojifanya mtawala wa peke yake mwaka 405 K.K. kwa kisingizio cha vita na Carthage.

Je, Sirakusa ilikuwa demokrasia? Hapa ndipo wanaolitetea dai hutumia ile njia ya kwanza ya kukwepa. Aristotle, aliyeandika karibu karne moja baadaye, anasema kwamba Wasirakusa waligeuza utawala wao kuwa demokrasia baada ya kuwashinda Waathene, maana yake ni kwamba kabla ya hapo walikuwa na utawala wa namna nyingine, wa mchanganyiko. Bruce Russett na William Antholis waliuchunguza upya ushahidi wa vita vya Peloponnese mwaka 1992, na Eric Robinson, mwaka 2001, alihoji kwamba watetezi wa dai wameusoma vibaya ushahidi wa kale. Mimi nakubaliana na Robinson kuhusu Sirakusa. Mji huo uliwafukuza watawala wa mabavu katika miaka ya 460 K.K. Ulikuwa na baraza la raia lililoamua mambo ya vita, ulichagua majemadari, na mara baada ya kushindwa mara ya kwanza ulipunguza idadi yao kutoka 15 hadi 3 kwa uamuzi wa baraza hilo. Zaidi ya yote, Thucydides, asiyependa kuisifu demokrasia, anaeleza sababu ya Waathene kukata tamaa: kwa mara ya kwanza walikuwa wamekutana na mji unaofanana na wao kwa tabia, wenye demokrasia kama yao, wenye merikebu na farasi na ukubwa. Silaha waliyoizoea, yaani kuwachochea watu wa kawaida dhidi ya matajiri na kuahidi kubadili utawala, haikuwa na kazi hapo. Kwingineko anarudia wazo hilo hilo, kwamba Wasirakusa walipigana vizuri kuliko wote dhidi ya Athene kwa sababu walifanana nayo kuliko wote. Aristotle alikuwa akipanga aina za tawala katika makundi. Thucydides alikuwa akieleza kwa nini watu walikufa. Katika suala hili namwamini wa pili.

Tukikubali hivyo, kufanana kwa tawala hakukuleta amani, na kulivifanya vita kuwa vigumu zaidi kumalizika. Sijasema kwamba mfano mmoja waangusha hesabu yote ya karne mbili zilizopita. Nasema kwamba waliouondoa mfano huu katika hesabu kwa kubadili maana ya neno demokrasia wamejinyima nafasi ya kuona ni nini hasa katika demokrasia kinachozuia vita. Kura peke yake haikuvizuia. Pale ambapo vita vilizuiliwa, kama katika ukatili uliokusudiwa Mytilene, palikuwa na watu waliothubutu kusema kinyume na baraza lililokuwa tayari kuwasikia; na pale ambapo wapiga kura waliamini kwamba ushuru wa wengine utawalipia, kura haikuwa breki hata kidogo.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita upesi. Mwaka 414 K.K. Gylippus wa Sparta aliingia Sirakusa na kuwatia watu moyo. Nicias, mgonjwa, aliandika barua kwa baraza akiomba jeshi lirudishwe au liongezwe jingine la kiasi kile kile. Baraza liliongeza, Demosthenes na Eurymedon walifika mwaka 413 K.K. na manowari 73. Walipokwisha shindwa na kuwa tayari kuondoka, mwezi ulipatwa usiku wa tarehe 27 Agosti, na Nicias, kwa ushauri wa wapiga ramli, akakataa kuondoka mpaka zipite siku 27. Merikebu zao zikafungiwa katika Bandari Kuu. Waliobaki wakatoka kwa miguu, watu wapatao 40,000, wakakamatwa au kuuawa njiani. Waliotekwa na dola, si chini ya 7,000, waliwekwa katika machimbo ya mawe ya Sirakusa. Kwa muda wa miezi minane kila mmoja alipewa kwa siku kiasi cha robo lita ya maji na nusu lita ya nafaka. Maiti zilikaa kati ya wazima. Nicias na Demosthenes waliuawa.

Habari zilipofika Athene hazikusadikiwa. Plutarch, aliyeandika miaka 500 hivi baadaye, anasimulia kwamba mgeni mmoja alizitaja ndani ya kinyozi huko Piraeus akidhani watu wamekwisha sikia. Mwenye kinyozi alikimbia mjini kuzieleza, na kwa kuwa hakuweza kumtaja aliyemwambia, alifungwa kwenye gurudumu akateswa kama mzushi mpaka walipofika wengine na habari ile ile. Thucydides hana kisa hicho, ila anathibitisha kwamba hata askari walionusurika hawakuaminiwa mwanzoni. Kisha raia wakawakasirikia wasemaji waliowashawishi, kana kwamba walioinua mikono walikuwa watu wengine. Wakachagua jopo la wazee kuwashauri, na wakaamua kuendelea na vita.

Lakini hazina ilikuwa tupu na miji ya ushuru ilikuwa ikiasi. Mwishoni mwa mwaka 412 K.K. Peisander alifika kutoka Samos na kuwaambia raia kwamba Mfalme wa Uajemi yuko tayari kuwapa fedha za vita, ila hawezi kuiamini demokrasia. Watu walipiga makelele. Peisander aliwaita wapinzani mmoja mmoja, akamwuliza kila mmoja ni wapi kwingine mji utapata fedha ya kupigana na Sparta. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwaka 411 K.K. raia walikutanishwa mahali paitwapo Colonus, nje ya kuta za mji, na kwa mikono yao wenyewe wakayakabidhi mamlaka kwa watu 400. Fedha ya Mfalme haikuja.